Pale Filamu Ilipokuwa Ikikatikia

Ta-ta-ta-ta-ta. Hiyo ndiyo sauti ya filamu iliyokatika, mkia wake ukipiga chuma kila mara gurudumu linapozunguka. Mpaka leo nikisikia kuku akikimbia juu ya bati, mkono wangu wa kulia unaanza wenyewe kutafuta wembe. Baada ya sauti hiyo huja nyingine kubwa zaidi: watu wa kambi nzima wakisema "Aaaa!" kama waliomwagikiwa na uji. Dorika, wewe unayechukua nafasi yangu kwenye gari la sinema, utazizoea zote mbili. Ya kwanza inakuita wewe. Ya pili usiijibu, mwachie Barasa.

Najua ninyi wa garini mnanicheka kwamba nimestaafu kabla ya kuota mvi. Chekeni tu. Wiki hii nimerudisha aproni, na mwezi ujao naenda misheni kujifunza ukunga, kama watanikubali na Kiingereza changu cha darasa la nne. Lakini Mzee Zakayo alisema mtu akiacha kazi bila kuwaambia wanaobaki mahali mashini inapouma, huyo hakuacha kazi, ametoroka. Kwa hiyo naandika.

Mambo ya mshahara siandiki, tajiri anayajua. Tajiri wetu ni yule Mhindi mwenye karakana ya baiskeli hapa Eldoret. Watu wa sabuni walimpa lori na mashini ya sinema azungukie mashamba ya wazungu, ili watu waje kutazama picha na waondoke wakitaka sabuni. Mimi niliajiriwa kufua. Nisikilize vizuri: si kuwafulia watu nguo zao. Kufua mbele za watu.

Siku yangu ya kwanza tulikwenda shamba moja la ngano nje kidogo ya mji. Nilipanda juu ya meza nikiwa na beseni, na kabla sinema haijaanza nilitakiwa nichukue kitambaa kichafu, nikisugue kwa sabuni ya kampuni, nikiinue juu kimetakata. Barasa, ndiye mwenye kusema kwenye kipaza sauti, alikuwa ananitangaza kama bondia. "Mtazameni Nafula! Mtazameni mikono!" Nikasugua. Baridi ya Uasin Gishu mnaijua, maji yalikuwa yananing'ata vidole. Nikainua kitambaa. Mama mmoja mbele akasema, "Mbona bado kina doa?"

"Hilo ni ua, mama," Barasa akamjibu. "Kitambaa ni cha maua."

Hakikuwa cha maua. Tangu siku hiyo nilianza kukifua kitambaa nyumbani kwanza, halafu nakipaka vumbi kidogo. Hiyo nakupa bure, Dorika.

Aliyenitoa kwenye beseni ni Mzee Zakayo. Yeye ndiye dereva, ndiye mwenye mashini, na ndiye anayejua ni maksai wa shamba gani watakubali kulivuta lori likikwama kwenye tope la barabara ya Turbo. Ni mtu wa Maragoli, maneno machache, kofia moja tangu nimjue. Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na vidole vyake vilikuwa vinene mno kwa kazi ya kuunga filamu. Jioni moja filamu ilipokatika aliitazama mikono yangu, imefuliwa mpaka imekunjana kama ya mtoto mchanga, akasema, "Hii ndiyo mikono pekee iliyo safi katika shamba hili. Njoo."

Kuunga ni hivi. Unakata kwa mkasi pande zote mbili zilizochanika, kwa unyoofu, katikati ya picha na picha. Unalowesha ncha moja kwa mate. Unakwangua kwa wembe taratibu mpaka ile rangi itoke na ibaki ngozi tupu inayopitisha mwanga. Unapaka gundi, ile yenye harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Unalaza ncha juu ya ncha, matundu ya pembeni yakae sawa, unabana, unahesabu pole pole kama unayemtuliza mtoto. Ukiharakisha itaachia. Ukipaka gundi nyingi itanata kwenye mlango wa mashini, pale filamu inapopita mbele ya taa, na taa itaunguza mtu usoni, namaanisha mtu wa kwenye picha.

"Na hivi vipande nilivyokata, Mzee?"

"Vya kutupa."

"Havirudi?"

"Kilichochanika matundu hakirudi. Ukikirudisha kitachana hata kizima."

Kwa hiyo kila filamu inapokatika inapungua. Kidogo tu, upana wa ukucha. Huwezi kujua ukitazama. Lakini ikikatikia mahali pamoja kila mara, mwaka ukipita utajua.

Filamu niliyoipenda ilikuwa moja, na nyote mnaijua, ile ya watoto wawili wa kike. Wazungu, wa nchi yenye miti mirefu ya baridi. Mmoja ana nywele mbili zilizosukwa, mwingine amekatwa fupi kama mvulana. Wanajenga kibanda juu ya mti. Wanakamata vyura. Wanagombania mwanasesere mpaka anatoka kichwa, halafu wanamzika wakilia wote wawili. Tukifika hapo kwenye mazishi, kila kambi wanaume walikuwa wanavua kofia, na baadaye wanazivaa haraka wakitazamana. Wanakua kidogo kidogo. Unaona gauni linafupika. Mwishoni baba wa yule wa nywele fupi anapoteza shamba, wanapakia vitu kwenye gari la farasi. Yule aliyebaki anakimbia mpaka kwenye ua. Gari linakwenda. Na yule wa nywele fupi, akiwa amekaa nyuma juu ya godoro, anageuka, anainua mkono, anapunga, anapunga, mpaka barabara inammeza.

Filamu yenyewe inasema Kiingereza, kwa hiyo Barasa alikuwa anaisema juu yake. Si kutafsiri, maana Kiingereza chake na changu vilisoma dawati moja. Alikuwa anaisema. Mwanzoni aliwaita watoto wale Meri na Jeni. Watu hawakukubali. "Meri wa nani?" mzee mmoja aliuliza. "Watu wa wapi hao?" Kambini hakuna mtu asiye na kwao. Barasa akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akaniambia, "Nafula, nipe majina haraka, majina ya watoto wa shamba."

Nikasema bila kufikiri, "Yule anayebaki ni Nafula. Yule anayekwenda ni Jepkemboi."

Sasa lazima niwaambie Jepkemboi ni nani.

Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la miwati, upande wa Turbo. Baba alitoka Bukusu kuja kubandua maganda ya miti hiyo. Kina Jepkemboi walikuwa Wanandi, maskwota waliokaa na ng'ombe kwenye ardhi ya mzungu, upande wa pili wa mto. Yeye alinisalimu kwa lugha yangu, "Mulembe," nami nilimsalimu kwa yake, "Chamgei," na kila mmoja alidhani anaisema vizuri. Mama zetu walikuwa wanatucheka mpaka wanashika mbavu.

Mchana tulikuwa tunasuka kamba za maganda na kuning'inia kwenye miti. Jioni ndipo taabu ilipoanza. Akija kwetu, ni lazima nimsindikize, mgeni hatoki peke yake. Tunafika mtoni. Yeye anasema, "Sasa wewe utarudi peke yako? Hapana, nikusindikize." Ananileta mpaka kwenye mlango wetu. Mimi nasema, "Na wewe je?" Tunageuka tena. Tulikuwa tunakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka mama mmoja atokee na fimbo. Aliyeshikwa upande wa kwao ndiye aliyesindikizwa. Huo ndio ulikuwa mchezo.

Kisha mzungu akaona ng'ombe za maskwota zimezidi, akawafukuza. Siku hiyo mimi na mama tulikuwa tumekwenda kusaga mahindi, mashini ilikuwa na foleni. Tuliporudi, ng'ambo ya mto kulikuwa na majivu, samadi mbichi na mbwa mmoja aliyekuwa haelewi. Niliuliza wamekwenda wapi. Wengine walisema Chepsaita, wengine Kapsabet, wengine walisema Mnandi na ng'ombe wake haulizwi. Nilikwenda mpaka mtoni jioni ile kwa mazoea, nikasimama. Hakukuwa na mtu wa kusindikiza.

Kwa hiyo watu walioniuliza kwa nini msichana mwenye darasa la nne amekubali kufua kitambaa kimoja mbele ya mashamba yote ya Uasin Gishu, jibu ni hilo. Gari linafika kila shamba. Nilijiambia, ipo siku litafika kwake. Nilitaka jambo moja tu, kumsindikiza.

Na hapa ndipo mashini inapouma. Filamu ile ilikuwa inakatikia mahali pamoja, pale Jepkemboi anapogeuka kwenye gari la farasi. Palikuwa na kovu la zamani tulilolikuta. Kila usiku wa baridi, ta-ta-ta, ni pale pale. Ninaunga, upana wa ukucha unakwenda. Mwaka wa kwanza alikuwa anapunga mpaka barabara inammeza. Mwaka uliofuata alikuwa anainua mkono tu. Halafu mkono ukakatwa begani. Ukafika wakati alikuwa anageuka kichwa, basi, na kabla hujamwona uso, barabara ni tupu.

Vipande sikuvitupa. Nilikuwa naviweka kwenye kopo la kakao, na siku za mvua, tukiwa tumekwama, nilikuwa naviinua kwenye mwanga. Mkono mdogo kama punje ya wimbi.

"Unaangalia nini huko?" Barasa aliniuliza mara moja.

"Naangalia kama atatosha mpaka nimpate."

Barasa ni mtu wa mzaha, lakini hapo hakunicheka. Usiku uliofuata, barabara ilipobaki tupu, aliongeza maneno yake. "Jepkemboi anamwambia Nafula: baki salama!" Na kambi nzima ikaitikia, "Baki salama!" Ikawa desturi. Kambi nyingine zilikuwa zinasema hata kabla yeye hajasema. Hivyo ndivyo picha iliyokatwa ilivyojazwa na midomo ya watu, na Mzee Zakayo aliguna tu, "Mashini nyingine hazihitaji gundi."

Mwaka jana ndipo tulipopangiwa Chepsaita. Nilishona gauni. Nilisuka nywele. Mzee Zakayo alinitazama nilivyopanda lori akasema, "Leo sabuni itauzika."

Tulifika jua bado liko juu. Tulifunga shuka nyeupe katikati ya mikaratusi miwili, tukaweka injini ya umeme mbali isipige kelele. Upepo wa kule ni wa ukorofi, unajaza shuka kama tumbo, kwa hiyo funga mawe chini, Dorika, mawe, si vijiti. Nilikuwa nimeinama nafunga mawe nikasikia mtu anagomba karibu na lori.

Alikuwa mwanamume mrefu, blanketi begani, rungu mkononi. "Ni nani hapa anayechukua wake za watu picha?"

"Mzee, sisi tunauza sabuni," Barasa akasema.

"Usiniite mzee, umri wako na wangu ni mmoja. Watu wa Turbo wameniambia. Mke wangu yuko ndani ya sinema yenu. Jina lake linatajwa kwenye chuma hicho cha kusemea, na watu wote wanamjibu 'Baki salama!' Wanasema anapanda gari na mwanamume!"

"Yule mwanamume ni baba yake."

"Baba yake namjua! Ng'ombe zangu za mahari ndizo anazokamua mpaka leo. Hana gari."

"Bwana, yule ni mzungu."

"Mke wangu amekwenda na mzungu?"

Barasa alinitazama kama mtu aliyeangukia kisimani na kamba ninayo mimi. Lakini mimi sikuwa natazama Barasa. Nyuma ya yule mwanamume alikuwa amesimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kanga mdomoni, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Aliondoa kanga.

"Mulembe, Nafula."

Lafudhi ile ile mbovu. Nilitaka kujibu vizuri, nilikuwa nimejiandaa miaka yote hiyo. Kilichotoka ni, "Chamgei," halafu nikaangusha jiwe kwenye mguu wangu.

Tulishikana mpaka mtoto akalia. Mume wake, Kiprono jina lake, alikuwa bado ameshika rungu, hajui ampige nani. Jepkemboi akamwambia, "Si nilikwambia? Huyu ndiye wa maganda ya miwati. Weka fimbo chini, unatisha watu wa sabuni."

"Kwa hiyo hauko ndani ya sinema?"

"Kaa utazame."

Alikaa mbele kabisa, na rungu juu ya magoti, kwa usalama.

Kazi ni kazi. Nilifua kitambaa, mara hii hakuna aliyeona doa. Kisha nikakaa kwenye kisanduku changu kando ya mashini, na Jepkemboi akageuza debe akakaa karibu yangu. Tulizungumza kidogo kidogo, wakati Mzee Zakayo anabadilisha gurudumu la filamu. Mama yake alikuwa amefariki. Mbwa wao, yule aliyebaki, aliwafuata siku ya pili. Mtoto alikuwa wa tatu. "Na wewe?" akaniuliza. Nikamwambia habari za ukunga, kwamba nawaza tu, pengine hawatanitaka. "Ungekuwa hapa," akasema, "huyu wa mgongoni asingenisumbua vile." Basi. Gurudumu likaanza tena.

Alicheka kwenye vyura. Kwenye mazishi ya mwanasesere hakucheka. Kiprono alivua kofia kama wengine.

Likaja gari la farasi. Nilisikia moyo wangu kabla ya kusikia mashini. Anageuka kichwa, na ta-ta-ta-ta-ta. Shuka ikawa nyeupe. "Aaaa!" Chepsaita nzima.

Mzee Zakayo akaniinulia taa. Nilichukua mkasi, nikaileta filamu karibu na mwanga. Kilichochanika ni vile vipicha vya mwisho, kichwa kinachogeuka. Matundu yote yamekwenda. Nikikata hapo, hakuna kilichobaki. Gari litaondoka na mgongo.

Jepkemboi aliinama juu ya bega langu akanusa gundi, akakunja pua. "Unamkata nani?"

"Wewe."

Alitazama kile kipande kwenye mwanga, akanitazama mimi.

"Kata tu," akasema. "Mimi si niko hapa?"

Nikakata. Kwa unyoofu, katikati ya picha na picha. Mate, wembe, gundi. Mzee Zakayo akatega, gari likaondoka bila mtu kugeuka, na Barasa akajaza pumzi kwenye kipaza sauti, lakini aliwahiwa. Alikuwa ni Kiprono, amesimama mbele na rungu lake juu, anaita kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde: "Baki salama!" Na watu wote wakamfuata.

Sinema ilipokwisha, watu wakatawanyika na blanketi zao. Kiprono alikuja akampa Barasa mkono. "Si yeye," alisema. "Mke wangu ana miguu mizuri zaidi." Kisha akamwambia Jepkemboi, "Ndama hawajafungwa. Twende."

Nikachukua taa.

"Unakwenda wapi na taa ya kazi?" Mzee Zakayo akauliza.

"Nasindikiza mgeni."

"Haya. Shuka itakungoja."

Tulikwenda mpaka mtoni, Kiprono mbele anapiga mbinja, sisi nyuma. Hatukusema mambo makubwa. Alinionyesha mahali penye mawe ya kuvukia. Tulipofika kwenye maji alisimama, na nilijua anachotaka kusema kabla hajasema.

"Sasa wewe utarudi peke yako? Nikusindikize."

"Jepkemboi!" mume akaita kutoka ng'ambo. "Ndama!"

"Anakuja na fimbo huyo," nikamwambia.

Tulicheka kama wale watoto wa kukamata vyura. Alirekebisha mtoto mgongoni, akavua viatu, akavuka. Alipopanda kilima cha ng'ambo niliona weupe wa kanga yake kwa muda, kisha sikuuona tena, kisha nikasikia mbinja tu.

Nilikaa pale mpaka mbinja ikaisha, maana msindikizaji hageuki kwanza. Hawakuwa na taa, kwa hiyo kama alikuwa anapunga mkono sikuweza kujua. Kipande chake kilikuwa mfukoni mwa aproni, kile cha kichwa kinachogeuka. Nikakitoa, nikakilaza juu ya maji, kikaenda.

Halafu nikainua taa juu kichwani, nikaipungia kilima chote, kushoto na kulia, mpaka mkono ukachoka.